Kwa Nini Taa ya Pedali Inawaka Lakini Gitaa Halisikiki?

Unachomeka gitaa, unakanyaga swichi, taa nyekundu inawaka vizuri kabisa, na amplifaya imenyamaza tuli. Kwa anayejiundia pedali ya gitaa (kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti yake) kwa mara ya kwanza, hakuna kinachokera kama hicho, maana taa inaonekana kushuhudia kwamba kila kitu ni kizima. Lakini taa haijui lolote kuhusu sauti. Ina njia yake ya umeme, na sauti ya gitaa haipiti humo.

Fungua boksi uitazame swichi ya kukanyaga. Katika pedali nyingi za kujiundia ina miguu tisa, safu tatu za mitatu mitatu, kwa sababu ni swichi tatu zilizofungwa pamoja ili zibonyezwe kwa mpigo mmoja. Ya kwanza huielekeza sauti ya gitaa ama kwenye bodi (ubao wa saketi), ama moja kwa moja kwenye jeki ya kutokea (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya). Ya pili huipokea sauti iliyokwisha kupita kwenye bodi na kuitoa nje. Ya tatu huwasha taa, basi. Ukizikata nyaya zote za sauti, taa itaendelea kuwaka. Inachokuambia ni kwamba umeme wa betri umeifikia yenyewe.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anaunganisha betri ya volti 9, anakanyaga, taa haiwaki, anaanza kufumua lehemu zake. Kumbe hakuchomeka waya wa gitaa. Jeki ya kuingilia huwa mara nyingi ya stirio (yenye miguso miwili ya sauti) ingawa gitaa ni la mono (mguso mmoja), na sababu yake ni ya kijanja: upande wa hasi wa betri hufungwa kwenye mguso wa pili wa jeki, na plagi ya mono inapoingia ndiyo inayouunganisha mguso huo na graundi (njia ya pamoja ya kurudia umeme). Plagi imegeuzwa swichi ya betri. Bila plagi, pedali ya betri imezimwa.

Sasa turudi kwenye ukimya. Izime pedali ili sauti ipite bila kuguswa. Ukilisikia gitaa tupu, jeki zote mbili na sehemu kubwa ya swichi ni nzima, na kosa liko kwenye bodi au nyaya zinazoifikia. Usipolisikia hata hivyo, iache bodi kwanza. Angalia kama waya wa ncha (unaobeba sauti) na wa graundi hazikubadilishana kwenye jeki. Na kama pedali inalia ikiwa wazi kisha inakufa ukifunga kifuniko, basi huenda mguu wa jeki au nyuma ya potensiomita (kirungu cha kuzungusha) inagusa bodi au chuma cha boksi.

Kosa likiwa kwenye bodi, chukua multimita (kipimo cha umeme) kabla ya chuma cha kulehemu. Hapa kuna jambo linalofaa kueleweka vizuri, kwa sababu ukilielewa hutahitaji kukariri orodha ya volti. Sauti ya gitaa ni umeme mdogo unaopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, mara nyingi kwa sehemu ndogo tu ya volti. Pedali ina betri moja. Chini ya sifuri haina kitu. Wimbi likiingia hivyo hivyo, nusu yake ya chini haina pa kwenda. Ndiyo maana saketi huliinua wimbi lote na kulikalisha katikati, karibu na volti 4.5, ili lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Pedali nyingi zilizo kimya, au zenye sauti iliyochanika na kukatikakatika, zimepoteza hiyo katikati.

Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye graundi na utafute na ile nyekundu. Kama pedali ina chipu ya kukuza sauti ya TL072, mguu wa 8 uonyeshe karibu volti 9, wa 4 uonyeshe sifuri, na wa 1 na wa 7, ambako sauti hutokea, ikae kwenye 4.5 hivi. Ukikuta mguu wa 1 umeng'ang'ania karibu na 9 au karibu na sifuri, upande huo wa chipu haufanyi kazi, na mara nyingi kisa ni rezista (kipande kinachozuia umeme kwa kiasi) au waya unaouletea ile 4.5 kutofika. Tahadhari moja: mguu wa 3 unaweza kusoma 4.1 ukadhani ni kosa. Kama volti zinaufikia kupitia rezista ya megaohmu 1, multimita yenyewe, yenye ukinzani wa megaohmu 10, ndiyo inayonyonya kidogo na kushusha kipimo.

Kwa transista (kipande cha kukuza umeme chenye miguu mitatu: emita, beisi na kolekta) za silikoni aina ya NPN, beisi iwe juu ya emita kwa volti 0.6 hivi, na kolekta iwe mahali fulani katikati. Pedali ya Fuzz Face, iliyotolewa na kampuni ya Arbiter ya Uingereza mwaka 1966, ina transista mbili tu, na hadi leo waundaji wa nakala zake huipima kolekta ya transista ya pili wakitafuta ile ile 4.5. Za mwanzo zilitumia transista za jemaniamu aina ya PNP, na graundi yake ni upande wa chanya wa betri, hivyo multimita itasoma hasi. Hapo usishtuke. Jemaniamu pia hubadilika na joto. Ipe muda ipoe baada ya kulehemu ndipo upime.

Kosa linalofichika kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la miguu ya transista. 2N3904 na BC547 zinafanana kama mapacha, lakini mpangilio wa miguu yao umegeuzwa: ukiielekeza bapa kwako, ya kwanza ina emita kushoto, ya pili ina kolekta kushoto. Ukichomeka moja mahali pa nyingine bila kuizungusha, saketi inaweza isife. Itatoa sauti dhaifu, maana transista iliyowekwa kinyume hukuza kidogo sana, nawe utahangaika na kila kitu kingine.

Volti zikiwa sawa na ukimya ukaendelea, ifuate sauti yenyewe. Chukua waya wa gitaa wa zamani, ukate upande mmoja, waya wa ndani uulehemu kwenye kapasita ya nanofaradi 100, ile iliyoandikwa 104, na waya wa nje uushike kwenye graundi ya pedali. Upande mzima uchomeke kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini. Kapasita inazuia volti za betri na kupitisha muziki tu. Peleka muziki kwenye jeki ya kuingilia, kisha gusa kwa ncha ya kapasita hatua kwa hatua: jeki, swichi, mwanzo wa bodi, kila kapasita kabla na baada. Sauti ilipo na inapotoweka, kosa liko kati ya sehemu hizo mbili. Mguu wa kuingilia wenye alama ya hasi (−) kwenye chipu unaweza kuwa karibu kimya hata pedali ikiwa nzima. Kwenye saketi zinazogeuza wimbi ndivyo inavyotakiwa. Na kifaa hiki ni cha vitu vya betri pekee. Ndani ya amplifaya ya vali mna mamia ya volti.

Ukishapata mahali, mara nyingi utakuta lehemu iliyopauka isiyoshika, tone lililounganisha njia mbili, au rezista ya kahawia-nyeusi-nyekundu (kiloohmu 1) palipotakiwa kahawia-nyeusi-chungwa (kiloohmu 10). Kubadilisha transista mpya kwa kubahatisha ni tabia nisiyoipenda: mpya huwa nzima kwa kawaida, na kila ukilehemu tena unazidi kuibandua njia ya shaba kwenye bodi.

Pedali inayopiga filimbi ni kesi nyingine. Waya wa kutokea ukipita karibu na wa kuingilia kwenye saketi yenye ukuzaji mkubwa, sauti hurudi ilikotoka na kujizungusha, zitenganishe. Ikiwa mna chipu ya MAX1044 ya kuzalisha volti nyingine, unganisha mguu wake wa 1 na wa 8, mlio utapanda juu ya upeo wa masikio. Na potensiomita inayokwaruza ukiizungusha, ipime kabla ya kuinunulia mbadala: ukikuta volti kwenye miguu yake isiyopaswa kuwa nazo, kapasita iliyo kabla yake inavujisha, na hiyo ndiyo ya kubadilisha.