Chambo Humwita Nondo, Hakitaji Jina Lake

Ukimwona "nyigu" akizunguka matuta ya viazi vitamu kule Soroti au Kumi, mashariki mwa Uganda, mtazame kiuno. Nyigu kiuno chake chembamba, huyu hana. Nzi naye ana mabawa mawili tu, huyu ana manne, angavu kama kioo, kingo zake zina magamba meusi. Ni nondo wa familia ya Sesiidae, jenasi Synanthedon. Kiwavi wake hutoboa rando karibu na udongo, shina likavimba na kukatika ukilivuta. Fukusi pia huvimbisha shina, kwa hiyo tafuta ganda tupu la pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) lililochomoza tunduni: hapo nondo ametoka.

Kumkimbiza kwa wavu ni kujichosha. Chambo cha feromoni huiga harufu ya jike, nao madume hufuata. Tatizo ni kwamba vyambo vya dukani vimetengenezwa kwa aina za Ulaya na Marekani. Kemikali zake ni za ukoo mmoja, na tofauti ndogo hubadilisha mgeni: mwaka 1974 ilibainika kwamba nondo wawili wa mipichi ya Marekani hutumia kemikali ileile, asetati ya oktadekadienili, ila molekuli zake zimepindwa tofauti: mmoja umbo la Z,Z, mwingine E,Z. Basi jaribu vyambo kadhaa, na mtego mtupu usiuhesabu kuwa shamba safi.

Hifadhi kila aina ya chambo ndani ya chupa yake, kwenye friza. Kishike kwa koleo, na ubadilishe glavu kabla ya kugusa kingine. Mtego ulionuka vyambo viwili hauna maana tena. Tundika mtego juu kidogo ya majani, upande upepo unakotoka, ili harufu ipite juu ya matuta. Mitego ya vyambo tofauti itenganishe angalau meta 10. Nondo hawa huruka mchana, na kila aina ina saa zake, hivyo kagua mara kwa mara kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiandika saa. Kipira kilicholoweshwa harufu ya chambo badilisha kila baada ya wiki nne. Jua kali likizidi, mapema zaidi. Waya wa kutundikia upake grisi, la sivyo siafu watakuachia mabawa matupu.

Gundi ya karatasi ya mtego ndiyo adui mkubwa wa utambuzi. Viazi vyetu vina S. dasysceles na S. leptosceles, majina ya Kigiriki yenye maana ya "miguu yenye manyoya" na "miguu myembamba". Ukimbandua nondo kwa nguvu, miguu ya nyuma, ambayo ndiyo ushahidi wako, hubaki kwenye gundi. Kata karatasi kumzunguka, au tumia mtego wa ndoo usio na gundi. Mimi naupendelea huo. Magamba yakiwa yamepukutika, kata tumbo, liloweke usiku kucha katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, kisha linganisha viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwenye lebo ya pini iliyomchoma nondo andika mahali, tarehe, saa, mmea, na chambo kilichomleta.