Moto wako hauhitaji chungwa zaidi

Nimeulizwa tena. Safari hii ni picha ya sanamu ndogo iliyopakwa rangi kwa mkono: grenadia, yaani askari wa miguu, wa Gadi ya Napoleon, urefu milimita 75, ameinama mbele ya kuni zinazowaka, Urusi, 1812. Kazi safi: macho yamekaa sawa, vifungo vinahesabika, manyoya ya kofia yana uhai. Halafu swali lilelile: “Mbona moto wangu hauwaki? Niongeze rangi ya chungwa ya aina gani?”

Usiongeze chungwa la aina yoyote. Punguza mwanga kwingine kote.

Jamani, rangi ya akriliki haiwaki. Ikishakauka haitoi mwanga wake yenyewe, inarudisha tu ule wa taa au wa dirishani. Nyeupe iliyomo kwenye chupa yako ndiyo dari, na huwezi kuipita. Ukitaka moto uonekane mkali, njia iliyobaki ni kushusha kila kitu kinachouzunguka. Koti lililopakwa kwa mwanga wa mchana, kingo zimepandishwa (zimepakwa nyepesi zaidi) hadi samawati, halafu likapulizwa chungwa kwa brashi ya hewa, halijaangazwa na moto. Ni koti la mchana lililomwagikiwa sharubati.

Kipimo ni rahisi. Piga picha ya sanamu kwa simu, iondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Moto ukipotea kwenye picha hiyo, basi haukuwahi kuwepo. Ndimi za moto ndizo ziwe sehemu nyeupe kuliko zote. Zifuatiwe na nyuso zinazoutazama moto moja kwa moja, yaani magoti, viganja na upande wa chini wa kidevu. Mgongo uzame. Na ukisema uzame, uzame kweli.

Hapo ndipo watu wanaponigomea, na sababu haina uhusiano na rangi hata kidogo. Ni uchoyo. Mtu ametumia jioni nzima kwenye mkoba wa risasi ulioko nyuma ya kiuno, kachora hadi mshono wa mkanda, leo aambiwe aufunike kwa glezi (rangi nyepesi ya kupenyeza) nyeusi-kahawia mpaka ubaki umbo tu? Hataki. Anaacha mkoba uking'aa, anaacha na buti ziking'aa, kisha anajaribu kushindana nao kwa chungwa la mbele. Kama huwezi kuvumilia mkoba wako upotee gizani, paka sanamu ya mchana. Hakuna aibu, nami napaka nyingi za hivyo.

Praima, ile rangi ya kwanza ya chini: nyeusi. Basi. Kisha puliza kijivu chepesi kutoka pale moto utakapokaa, usifuate mazoea ya kupuliza kutoka juu. Kabla ya hapo weka taa ndogo ya LED mahali pa kuni, zima nyingine zote, upige picha pande zote nne. Hiyo ndiyo ramani yako. Mshumaa halisi uache, resini ya sanamu haiupendi. Na kama baadaye unataka kujifunza rangi za moto kwenye picha, ondoa mizani ya rangi ya kujiendesha kwenye kamera, la sivyo itakusafishia wekundu wote ukadhani moto ni mweupe.

Ramani hiyo itakushtua usoni. Mwanga ukitoka chini, kila ulichozoea kinapinduka: chini ya pua pana mwanga, juu ya mashavu pana kivuli, tundu la jicho linaangaza kwenye dari yake, na nyusi zinatupa kivuli kwenye paji la uso. Mtu mpole anageuka jambazi. Ndiyo maana napendelea moto ulioko pembeni kidogo, usawa wa kifua. Uso unabaki wa binadamu.

Sasa hesabu, maana kila anayebishana nami huja na kanuni ya mraba wa umbali kama polisi na hati. Ni kweli: umbali ukizidi mara tatu, mwanga unabaki sehemu moja ya tisa. Goti likiwa milimita 20 kutoka kwenye moto na uso milimita 60, uso unapata takriban asilimia 11 ya mwanga wa goti. Wanaishia hapo, wanapaka uso karibu mweusi. Lakini jicho halihesabu hivyo. Kijivu kinachorudisha asilimia 18 tu ya mwanga, sisi tunakiona kama katikati ya nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo asilimia 11 iko chini kidogo ya katikati. Giza bado liko mbali.

Tena kanuni yenyewe ni ya chanzo kidogo kama nukta. Mshumaa, sawa. Lundo la kuni lenye upana wa milimita 30, lililoko milimita 20 kutoka gotini, si nukta kwa vyovyote. Karibu nalo mwanga hupungua polepole kuliko kanuni inavyodai, na vivuli vina kingo laini. Ukiona mwenge mmoja umetupa kivuli chenye makali na moto mkubwa umetupa kivuli chenye makali uleule, mmoja kati yao umepakwa bila kutazamwa.

Tukifika kwenye rangi yenyewe, grenadia ni mwalimu mzuri kwa sababu amevaa kila kitu. (Najua, jeshi lilipokuwa likirudi nyuma kutoka Urusi mwaka 1812 ungewakuta wengi wamejifunika makoti makubwa. Tumvalishe sare kamili kwa ajili ya somo.) Mwanga wa mshumaa una joto la rangi la kelvini 1,900 hivi, wakati ule wa mchana uko 5,500 hadi 6,500. Maana yake ni kwamba buluu ni haba sana ndani yake. Koti la buluu halina cha kurudisha, hivyo linakuwa jeusi-kijivu, lenye kahawia kwa mbali pale karibu kabisa na moto. Ukilipaka chungwa juu ya buluu unapata tope, kisha unalaumu chupa. Mimi napandisha buluu ile kwa kijivu chenye joto, halafu kahawia nyekundu kidogo kwenye kingo, na chungwa nalitia kwenye mikunjo miwili mitatu inayoutazama moto.

Vishada vyekundu vya mabegani, kinyume chake, vinawaka. Sehemu nyeupe za kifuani zinageuka njano iliyopauka, na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba nyekundu na nyeupe zinakaribiana. Mchana zinapigana, mbele ya moto zinakuwa ndugu. Manyoya meusi ya kofia hayabadiliki rangi, yanapata nywele chache tu zenye mwanga. Shaba ya mbele ya kofia inataka nukta moja kali na kahawia nzito kuizunguka, basi. Usitumie rangi za metali hapo: zinarudisha taa ya chumbani popote ilipo, na mwanga uliouchora unakanushwa kila mtazamaji anaposogea.

Ndimi za moto zenyewe: njano iliyokaribia nyeupe ndani na chini, chungwa juu yake, nyekundu nchani. Wengi wanang'arisha ncha kana kwamba ni manyoya. Geuza.

Sasa nikiri nisichokuwa na uhakika nacho. Mtu aliyekaa karibu na moto kwa muda, ubongo wake humsahihishia rangi, na shati jeupe analiona jeupe. Chungwa lile tunalolipenda ni la kamera zaidi kuliko la jicho la aliyekuwepo. Tunapaka jicho la nani? Georges de La Tour, Mfaransa wa karne ya 17, kwenye mchoro wake wa Yosefu seremala ulioko Louvre, alimpa mtoto mshumaa na kiganja cha kuukinga, nuru ikapenya kwenye nyama ya vidole. Humo chungwa ni dogo sana. Kazi karibu yote imefanywa na kahawia na giza. Namwamini yeye, ila bado natia chungwa kuliko yeye, kwa sababu kwenye kabati, sanamu ya urefu wa kidole inahitaji kupaza sauti.

Vivuli vya buluu vya “mbalamwezi” siwezi kuvitetea kabisa. Vinapendeza, navitumia kwa uchache, na sababu ya kifizikia sina.

Rangi za fluoresenti, zile zinazong'aa kupita kawaida? Zinategemea mwanga wenye buluu na urujuanimno, kwa hiyo chini ya taa ya njano zinakufa, na zikikaa juani zinafifia. Tone moja ndani ya njano ya kawaida linatosha. Vanishi iwe ya kufifisha kabisa, hasa mgongoni: nyeusi inayong'aa inakusanya taa zote za chumba na kulirudisha lile giza ulilolihangaikia kuwa kijivu.