Unatafuna Barafu Kila Siku? Kaangalie Meno, Kapime na Damu

Mama mmoja alikuja kliniki kwetu analalamikia gego la chini, upande wa kushoto. Tundu halikuwepo, na picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Maumivu yenyewe yalikuwa ya namna yake: hayaji anapouma chakula, yanakuja anapoachia. Nikampa kipande cha pamba kilichosokotwa, akakiuma kwa ncha moja ya gego baada ya nyingine. Kwenye ncha ya tatu, alipoachia tu, akashtuka na kushika shavu. Nikazima taa kubwa, nikaweka kitaa chembamba ubavuni mwa jino. Jino liling'aa kama chimni ya kandili, halafu mwanga ukakatika ghafla kwenye mstari mmoja mwembamba. Ulikuwa ufa.

Nikamuuliza anatafuna nini kigumu. Mifupa? Hapana. Miwa? Mara moja moja. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Daktari, mimi natafuna barafu. Hata usiku naamka kwenda kuichukua."

Nasikia jibu hili mara nyingi, na karibu kila anayelisema huongeza kwamba barafu ni maji tu. Ni kweli, haina sukari, na kwa hiyo haitoboi jino kama soda na pipi. Madhara yake ni mengine: inapasua.

Tabaka la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini kitu kigumu namna hiyo hakipindi, kinapasuka, kama sahani ya udongo. Tena enameli haina chembe hai. Mfupa ukivunjika unaunga, kidonda kinafunga, ila enameli iliyobanduka haioti tena. Sasa weka kipande cha barafu kutoka kwenye friza katikati ya magego mawili, ubane kwa nguvu zote za taya. Kinywa kina joto la nyuzi 37, barafu iko chini ya sifuri. Jino linasinyaa kwa baridi na papo hapo linapigwa. Nyufa za kwanza ni ndogo kuliko unywele na haziumi. Unaendelea miezi, pengine miaka, hadi siku unapouma chapati laini kabisa na kipande cha gego kikabaki mdomoni. Utailaumu chapati bure.

Wapo walio hatarini zaidi. Jino lililozibwa huwa limeshapoteza sehemu ya kuta zake, na kile kilichozibia hutanuka na kusinyaa kwa kipimo tofauti na jino lenyewe, hivyo mshikamano unalegea. Waliofungwa waya za kunyoosha meno hung'oa vibati vyake. Na waliokulia Arusha na maeneo mengine ya kuzunguka Mlima Meru, ambako maji ya kunywa yana floraidi nyingi, wanaweza kuwa na enameli yenye vitundu vidogo vidogo inayobanduka kwa urahisi. Meno hayo yanastahili huruma, msiyatwike barafu.

Kunyonya barafu hakuna shida. Barafu za ukwaju na ubuyu wanazonunua watoto, wazinyonye taratibu, wasizigonge kwa meno. Kwenye glasi ya juisi, acha ziyeyuke au tumia mrija. Joto la Dar mwezi wa Februari nalijua, sitamwambia mtu aache maji baridi.

Lakini kuna mtu ambaye ushauri huu haumsaidii. Ameambiwa aache, ameahidi, na jioni yuko tena mbele ya friji. Huyo nisingependa aitwe mlafi wala mwenye tabia mbaya. Hamu ya barafu isiyozuilika ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini chuma mwilini, madini ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Wengine hamu yao huangukia udongo au mchele mbichi. Kiswahili chenyewe kina neno safura, ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo wanaofyonza damu tumboni. Minyoo ni sababu mojawapo. Nyingine ni hedhi nzito, mimba za kufuatana, na chakula kisicho na chuma cha kutosha. Tatizo hili si la wachache: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu.

Yule mama nilimtuma maabara kabla sijagusa jino. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu; kwa mjamzito, chini ya 11. Yake ilikuwa 8. Ndipo akakumbuka kwamba anachoka akipanda ngazi na moyo unamwenda mbio.

Alipewa vidonge vya chuma. Tulimweleza kwamba choo kitakuwa cheusi na asiogope, na kwamba asivinywe pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Aiache chai saa moja au mbili mbali na dawa na mlo. Chungwa au ndimu husaidia. Dagaa, maini na maharage viwe chakula cha kawaida nyumbani. Wajawazito wanaopewa vidonge hivi kliniki, tafadhali vinyweni, visibaki kwenye mkoba.

Gego lake tulilivika kofia kwa kuwa ufa haukuwa umefika kwenye kiini, sehemu ya ndani ya jino yenye neva. Ungefika, angehitaji matibabu ya mzizi; ungeshuka hadi kwenye mzizi na kulipasua jino pande mbili, tungeling'oa. Aliporudi baada ya wiki chache nilimuuliza habari ya barafu. Akafikiri kidogo, kana kwamba swali limemshtukiza, akasema hakumbuki mara ya mwisho kuitamani ilikuwa lini.