Kinachowasha kwenye upupu sicho kinachotibu

Mwezi huu huyu ni mteja wa tatu kuniletea unga wa upupu kama dawa ya kutetemeka, akisisitiza umetwangwa pamoja na malaika wake, yaani vile vinyweleo vya ganda, "maana kinachowasha ndicho chenye nguvu." Jamani, sicho!

Litazame ganda kwa lenzi, bila kuligusa. Yale malaika ya rangi ya dhahabu ni sindano zenye vijimiba, na zimebeba kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Kazi yake ni kuchokoza mishipa ya fahamu ya ngozi. Muwasho huo haupiti njia ya histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta muwasho wa mzio, ndiyo maana vidonge vya mzio havifui dafu. Ukijikuna unazidi kuzishindilia. Zibandue kwa seloteipu, ndipo uoshe. Zamani wafamasia wa Ulaya waliyachanganya malaika hayo na asali kutoa minyoo. Mimi simpi mtu.

Dawa imo kwenye mbegu, nayo ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwendo wa viungo. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, waliitumia mbegu hiyo kwa watu wanaotetemeka kabla hajazaliwa daktari Parkinson, ambaye ugonjwa huo wa kutetemeka umepewa jina lake. Walipatia, na hilo nalikiri bila kinyongo.

Ninaposhikwa na hasira ni hapa: "ni ya asili, haina madhara." Mbegu moja ina asilimia 3 ya levodopa, nyingine 6. Kwa hiyo gramu 10 za unga ni miligramu 300 au 600, na kijiko hakikwambii ni ipi. Tena kidonge cha hospitali kina karbidopa, inayoizuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika ubongoni. Unga hauna, kwa hiyo hata miligramu hazilingani. Mwaka 1989 huko Msumbiji watu zaidi ya 200 walirukwa na akili baada ya kula mbegu hizi bila kuzichemsha na kumwaga maji inavyotakiwa.

Hata hivyo kuna jaribio la mwaka 2004 linalonikosesha raha. Kwa wagonjwa 8 wa Parkinson, unga ulianza kufanya kazi mapema kuliko vidonge, na nafuu ikadumu zaidi. Wanane ni wachache mno, lakini siwezi kujifanya sikuliona.

Huyo wa tatu alikuja na baba yake. Mzee alikuwa anameza vidonge vyake vya levodopa, kisha analamba unga juu yake. Kutetemeka kulikuwa kumeisha kweli, ila mabega na shingo vilikuwa vinajinyonganyonga vyenyewe. Mwanawe alidhani ugonjwa umepanda. Nikamwonyesha kopo na pakiti ya vidonge, nikamwambia: baba yako anapewa dawa ile ile mara mbili.