Kuunganishwa na mtandao wa majitaka: maana yake na masharti yake

Kwa mtu wa Mtwara, ukitaja majitaka anachokiona kichwani ni gari. Karo limejaa, unapiga simu, gari linakuja, mpira unapitishwa ubavuni mwa nyumba mpaka uani, mtaa mzima unaziba pua kwa nusu saa, unalipa kwa safari, yamekwisha. Nyumba nyingi huku zina karo au choo cha shimo, na mchanga wetu unakunywa maji haraka, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka bila kuliita gari akajiona amebahatika. Maji hayo hayajapotea lakini. Yameshuka chini, na mji huu unaishi kwa maji ya visima.

Mtandao wa majitaka ni jambo jingine kabisa. Ni mabomba ya umma yaliyofukiwa ardhini, yanayopokea maji ya choo, bafu na jikoni kutoka nyumba nyingi na kuyapeleka kwenye mabwawa au mtambo wa kuyatibu. Kuunganishwa maana yake ni kuliingiza bomba la nyumba yako kwenye bomba hilo la wote, kwa kibali cha mamlaka ya maji. Kwa Manispaa ya Mtwara Mikindani mamlaka hiyo ni MTUWASA. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na bei inazotoza hupitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi, hana ruhusa ya kutoboa bomba la umma usiku ili akuchomekee lako.

Katika muunganisho kuna mpaka, na ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Kwa kawaida huwekwa chemba ya mwisho, yaani kishimo kilichojengewa cha kukagulia bomba, karibu na ukingo wa kiwanja. Bomba likiziba kabla ya chemba hiyo, tafuta fundi wako na mfuko wako. Likiziba baada yake, waite mamlaka.

Sharti linalowatoa watu jasho kuliko yote ni mteremko. Majisafi yanakuja kwa msukumo, hivyo bomba lake linaweza kupanda na kushuka litakavyo. Majitaka hayasukumwi na chochote. Yanateremka kwa uzito wake. Bomba la inchi nne la kutoka nyumbani huhitaji kushuka kiasi cha sentimita 25 katika kila mita 10, au 17 hivi kama limelazwa vizuri. Likilala kupita hapo, maji yanapita na kinyesi kinabaki. Ndiyo maana utawaona mafundi wawili wameshika ncha mbili za mpira unaopitisha mwanga, umejazwa maji, mmoja yuko kwenye msingi na mwingine barabarani, wanapigiana kelele "shusha, shusha, hapo hapo!" Wanatafuta tofauti ya kimo kati ya choo chako na bomba la umma. Choo kikiwa chini kuliko bomba, hakuna ujanja wa fundi utakaoyapandisha maji. Itabidi uinue choo au ununue pampu.

Kila bomba linapokata kona, au mabomba mawili yanapokutana, panatakiwa chemba yenye mfuniko, ili fito za kuzibulia zipate pa kuingilia. Kila sinki na choo lazima kiwe na ile kona ya bomba inayobakiza maji, kwa sababu mtandao una gesi. Maji yale machache ndiyo mlango unaoizuia isiingie chumbani, na bomba la hewa linaitolea juu ya paa.

Kisha maji ya mvua. Hili nalisema kwa msisitizo kwa kuwa wapo mafundi wanaouelekeza mfereji wa bati kwenye chemba ya choo, eti mvua isafishe bomba. Ni marufuku, na ina sababu. Bomba la majitaka limepimwa kwa maji ya matumizi ya nyumbani, si kwa mvua za masika. Paa chache zikimwagia humo kwa pamoja, bomba linajaa, na anayelipia si wewe uliye juu. Ni jirani wa bondeni, ambaye chemba yake inafumuka uani kwake. Maji ya mvua njia yake ni mtaro.

Mafuta ya kukaangia hugandia ndani ya bomba, hivyo mwenye hoteli au anayekaanga samaki kwa wingi hutakiwa kujenga kwanza chemba ya kunasa mafuta. Gereji na oili chafu, vivyo hivyo. Pampasi na matambara ni jalalani.

Watu huuliza kuhusu karo la zamani. Kwenye mtandao wa kawaida haliendelei kutumika: linanyonywa, linafukiwa kwa mchanga, na bomba jipya linalipita. Kulifunika tu na zege ni kujitegea shimo. Na malipo ya mwezi? Hakuna mita ya choo, kwa hiyo ankara ya majitaka kwa kawaida hukadiriwa kwa kutazama majisafi uliyotumia.

Ukipata hela ya korosho ukaanza kujenga sasa, hata kama barabara yako haina bomba la umma, usiyaelekeze mabomba yote uani kwenye karo ukasahau mbele. Mtandao hupita barabarani, na kuyageuza baadaye ni kuvunja sakafu ya sebule. Acha kona moja yenye kizibo inayotazama barabara, na inua sakafu ya choo. Kabla hujafukia, nyoosha futi kamba juu ya mtaro, piga picha. Siku ya kuunganishwa, fundi wako wa kwanza atakuwa kashahamia Masasi, na hakuna atakayekumbuka bomba linapita chini ya chumba gani.