Je, wajua? Kwa nini upande mmoja wa Kind of Blue ulikwenda mbio kwa zaidi ya miaka 30

Jumamosi jioni huwa tunakutana wanne au watano nyumbani kwa rafiki yetu Kijenge, Arusha. Sheria ni moja: uje na albamu unayoisikiliza wiki hiyo, uiweke, halafu unyamaze. Mmoja wetu habanduki kwa Mulatu Astatke wa Ethiopia. Mwingine yuko na Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Afrika Kusini, mwezi wa tatu sasa, tumeshamzoea. Siku moja mzee mmoja akaja kwa basi kutoka Moshi na santuri ya Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis, toleo la zamani, jalada limeliwa kona zote. Kijana mmoja alikuwa na albamu hiyohiyo kwenye simu. Tukasema tuzianzishe kwa pamoja.

Hazikwenda pamoja. Kabla ya dakika mbili santuri ilikuwa imetangulia, na tarumbeta yake inasikika juu kidogo kuliko ya kwenye simu. Swali likawa: ipi imekosea?

Nilitoa hukumu papo hapo kwamba ni gramafoni, na hoja nilikuwa nayo. Gramafoni nyingi za zamani mota yake hufuata mizunguko ya umeme, ambayo Marekani ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50. Ukiichomeka ya kule hapa kwa transfoma tu, santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka kama mara 28. Yote hayo ni kweli. Ila mzee akanikumbusha kwa upole kwamba hapo santuri ingechelewa, na yake imetangulia. Nikahamia kwenye simu: labda muziki ukiingizwa kwenye simu unashuka. Hilo halikuwa na ukweli hata chembe.

Kumbe vifaa vyote viwili vilikuwa vizima. Kosa lilifanyika New York, Machi 2, 1959. Siku hiyo, kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30, mashine mbili zilirekodi kwa wakati mmoja, moja ikijaza mkanda mkuu na nyingine mkanda wa akiba. Ile ya mkanda mkuu ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Ikanasa hivyo So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, yaani upande wa kwanza wote. Nyimbo mbili zilizobaki zilirekodiwa Aprili 22, na hizo hazikupata hitilafu.

Hapa ndipo nilipogeuza mambo, na sidhani niko peke yangu: mashine ilikwenda polepole, basi na muziki utoke polepole. Sivyo. Ulitoka na haraka.

Mtazame fundi cherehani pale barazani. Sindano inapiga kwa mwendo wake wa siku zote, lakini leo kitambaa kinasogea kivivu. Mishono itabanana, palipotosha mishono 100 utakuta 101. Wanamuziki ndio sindano, mkanda ndio kitambaa. Sasa kichukue kitambaa hicho, ukipitishe chini ya kidole kwa mwendo wa kawaida, kama mashine nzima inavyoucheza mkanda. Kila sekunde kidole kitakutana na mishono mingi kuliko iliyopigwa kwa sekunde moja ya kushona. Sindano haikuwahi kuharakisha.

Na sauti kupanda? Kumbuka yale matuta madogo yaliyopangwa mfululizo barabarani. Gari likiyapita taratibu unasikia mngurumo mzito. Dereva akiyakanyaga kwa kasi, mngurumo unakuwa mwembamba, na matuta ni yaleyale. Sikio linahesabu mitetemo kwa sekunde. Hesabu ikizidi, noti imepanda.

Ilipanda kiasi gani? Kutoka kitufe cheupe cha piano hadi cheusi kilicho jirani yake, mitetemo huongezeka kwa karibu asilimia 6. Hapa tunazungumzia zaidi kidogo ya asilimia 1. Katika wimbo wa dakika tisa ni sekunde tano na ushei zinazoyeyuka. Msikilizaji wa kawaida hawezi kujua. Atakayesumbuka ni yule mwenye saksafoni nyumbani, anayejaribu kupiga sambamba na John Coltrane, mmoja wa wapiga saksafoni wa albamu hiyo, na kujiona kila siku yuko chini. Lakini kuisikia juu peke yake hakuthibitishi kitu. Gramafoni ambayo mpira wake wa kuzungushia sahani umechoka inaweza kupotoka kwa kiasi hichohicho, na piano nazo hazikazwi sawasawa kila mahali.

Mambo yalirekebishwa mwaka 1992, albamu ilipoandaliwa upya na ule mkanda wa akiba kutumika. Wenyewe ulikuwa umekwenda kwa mwendo sahihi tangu siku ya kwanza. Matoleo yaliyofuata yakashika mwendo huo, na ndio uliokuwa kwenye simu ya kijana.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lilikuwa mezani. Gramafoni ingekuwa mbovu, ingeharibu pande zote mbili. Kwa nusu saa tulibishana kuhusu umeme, transfoma na simu, na hakuna aliyefikiria kuigeuza santuri. Tulipoigeuza, All Blues ya mzee na ya kijana zikaenda bega kwa bega.

Mzee alisikiliza maelezo yote haya hadi mwisho. Akasema upande wa kwanza ameuzoea hivyohivyo, na huo wa kwenye simu anauona umechoka.