Taa ya Injini na Kihisi cha Oksijeni: Kupima Kabla ya Kulehemu

Katika gereji nyingi za Lubumbashi, dereva anayelalamika kwamba taa ya injini haizimiki hupewa mojawapo ya tiba mbili: ama fundi aing'oe balbu ya taa hiyo, ama kijana anayejua elektroniki amtengenezee saketi ndogo ya rezista (kipuri kinachozuia umeme) na kapasita (kinachohifadhi umeme kidogo) ya kuifunga mdomo kompyuta ya gari. Tiba ya kwanza haihitaji maelezo. Ya pili inayahitaji, kwa sababu hufanywa na watu werevu kwa vifaa vya bei nafuu, na kwa sababu ujuzi uleule unaotumika kuidanganya kompyuta ungetosha kabisa kuutambua ugonjwa wenyewe.

Kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi wetu hukiita sonda kwa kufuata Kifaransa, ni kijiti cha kauri ya zirkonia kilichochomekwa katika bomba la moshi. Upande wake mmoja huguswa na moshi na wa pili na hewa ya nje, na kikishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo huzaa umeme. Petroli ikizidi, volti hupanda hadi karibu 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi karibu 0.1. Uwiano unaotafutwa ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, na kompyuta huufuata kwa kuongeza na kupunguza petroli bila kukoma, ndiyo maana kihisi cha mbele, kilicho kabla ya katalizeri (kifaa cha kusafisha moshi), kikiwa kizima hakitulii hata kidogo. Cha nyuma ya katalizeri, kinyume chake, kinatakiwa kutulia, kwa kuwa katalizeri nzima huhifadhi oksijeni na kuyalainisha mawimbi hayo. Kihisi cha nyuma kikianza kucheza kama cha mbele, kompyuta huhitimisha kwamba katalizeri imechoka na huandika msimbo wa hitilafu P0420.

Sasa inaeleweka saketi ile ya udanganyifu inafanya nini. Rezista kubwa huwekwa katika waya wa ishara na kapasita huunganishwa na ardhi, ili mawimbi ya kihisi cha nyuma yalainike kabla ya kufika kwenye kompyuta, kana kwamba katalizeri bado ni nzima. Hata kwa kipimo chake chenyewe, kazi hiyo mara nyingi haidumu: kompyuta nayo ina ukinzani wake wa ndani, na rezista ya megaomu moja ikikutana nao hugawana volti, ishara ikashuka mno, na badala ya P0420 dereva akaletewa msimbo wa volti ya chini. Mchezo huo ukifanywa kwenye kihisi cha mbele, hali huwa mbaya zaidi, kwani hicho ndicho kompyuta hukitegemea kupimia petroli. Kompyuta isiyoona ukweli inaweza kumwaga petroli kupita kiasi. Petroli hiyo huosha mafuta kwenye kuta za silinda, na ile inayofika kwenye katalizeri bila kuungua huwakia humo na kuiyeyusha. Moshi wa namna hiyo una kaboni monoksaidi nyingi, gesi isiyo na harufu ambayo imekwisha kuua watu waliowasha gari ndani ya banda lililofungwa.

Hatua ya kwanza ni kusoma msimbo, na hapa magari yetu yana tabia yake. Mengi ni ya usukani wa kulia, yaliyotumika Japani na kuletwa kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, na kifaa cha Bluetooth cha ELM327, cha kusomea misimbo, kinachouzwa kila mahali mara nyingi hakielewani na yale ya zamani, hata kama tundu lake la pini 16 linafanana na la magari ya Ulaya. Mtu huhitimisha kwamba kifaa ni kibovu, kumbe gari halisemi lugha hiyo. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, kipande cha waya kinachounganisha pini ya 4 na pini ya 13, swichi ya gari ikiwa imewashwa lakini injini ikiwa imezimwa, huifanya taa ya injini iwakewake kwa hesabu: mara mbili, kimya kidogo, kisha mara moja, maana yake ni msimbo 21, wa kihisi cha oksijeni. Msimbo 25 unasema hewa imezidi, 26 unasema petroli imezidi. Pini ya 16 isiguswe kamwe na waya huo, kwa kuwa inabeba umeme wa betri moja kwa moja.

Msimbo hautaji kipuri cha kununua. Unataja mahali pa kuanzia kupima. P0135 na P0141, kwa mfano, zinahusu hita iliyo ndani ya kihisi, ya mbele na ya nyuma kwa mpangilio huo. Injini ikiwa baridi, chomoa plagi ya waya za kihisi na upime ukinzani kwa multimita (kipima umeme) kati ya zile waya mbili za rangi moja: kwa vihisi vingi vya kampuni ya Denso ni nyeusi mbili, kwa Bosch ni nyeupe mbili. Jibu la om chache, au kumi na kitu, ni la kawaida. Multimita isipoonyesha mzunguko wowote, hita imekatika. Hita ikiwa nzima, tafuta volti 12 kwenye plagi ya upande wa gari na uangalie fyuzi kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Wapo wanaobadilisha hita kwa rezista ya om 10, nao hawajapiga hesabu: kwa volti 13.8 rezista hiyo hutoa wati 19, joto la kuunguza plastiki na waya zilizo jirani, huku kihisi kikibaki baridi na kutosoma chochote.

Msimbo P0171, wa hewa kuzidi, huwapeleka watu wengi dukani bure. Bomba la moshi lililopasuka kabla ya kihisi, jambo la kawaida kwa barabara zetu, hufyonza hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, na kihisi husema kweli kwamba kimeona oksijeni. Kinachohitaji dawa ni bomba. Mpira wa hewa uliochanika na kipima hewa inayoingia kwenye injini kilichojaa vumbi jekundu la kiangazi huleta malalamiko yaleyale. Wengine husingizia mwinuko wa mji, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini injini inayopima hewa yake hujirekebisha kwa hilo yenyewe.

Kwa kijana aliyekwisha kuwasha chuma cha kulehemu, pendekezo langu ni ajenge kipimo cha kuona. Chipu ya LM3914 huendesha taa kumi ndogo za diodi kulingana na volti inayopokea, na vipuri vyake vinaweza kuokotwa hata kwenye redio zilizokufa, isipokuwa chipu yenyewe. Ipe volti 5 kutoka kwa rigulata ya 7805, chipu inayoushusha umeme na kuutuliza, kwa kuwa umeme wa gari una miruko mikali, na uweke kapasita ya mikrofaradi 10 karibu nayo. Pini za 2, 4 na 8 ziende ardhini. Kutoka pini ya 7 weka rezista ya om 270 hadi pini ya 6, na kutoka pini ya 6 weka kilo-om moja hadi ardhini. Hivyo kipimo kizima kitakomea karibu na volti moja, na kila taa itawakilisha takriban sehemu moja ya kumi ya volti. Pini ya 9 iachwe wazi ili iwake taa moja tu kwa wakati. Ishara iingie pini ya 5 kupitia rezista ya kilo-om 100, isije kosa la mjenzi likaiharibu kompyuta.

Waya wa ishara uguswe upande wa gari, si upande wa kihisi. Vihisi vingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zao wenyewe, na risasi ya kulehemu au grisi huziba njia hiyo. Kihisi kipya kikafa mikononi mwa fundi, na muuzaji akalaumiwa. Ifahamike pia kwamba Toyota nyingi za miaka ya 2000 zina kihisi cha mbele cha aina nyingine, kinachopima uwiano kwa mkondo wa umeme. Ukikuta karibu volti 3.3 kwenye waya mmoja na 3.0 kwenye mwingine, umekutana nacho, na taa zako kumi hazitasaidia hapo. Zitafaa kwa cha nyuma.

Kihisi kikithibitika kuwa kimekufa, kifungue bomba likiwa vuguvugu, kwa spana ya milimita 22, na kipya kipakwe grisi ya kuzuia nyuzi zisigande (anti-seize), kwenye nyuzi tu. Gundi ya silikoni isitumike popote karibu na injini isipokuwa ile iliyoandikwa kuwa salama kwa vihisi, kwa sababu mvuke wa silikoni hukitia kihisi sumu na kukiharibu. Kisha washa injini, isubiri ipate joto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na utazame taa zako: kihisi kizima cha mbele cha aina ya volti kinatakiwa kuvuka katikati, kwenda au kurudi, mara nane au zaidi katika sekunde kumi.